Lenzi ya Mzee Ezron

Siku ya gulio Tunduma mtu hatembei, anasukumwa. Malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, wauza mayai wanapenya katikati ya matairi, na kila mwenye kipaza sauti anatangaza bei yake kama vile wenzake hawapo. Katika msukumano huo ndimo Fortunata Jairo alimosukumwa hadi kwenye kibanda cha Clever, muuza chaja, kava za simu, redio za sola na, siku akibahatika, lenzi za kamera.

Alikuwa katoka Vwawa asubuhi hiyo. Gauni la kitenge cha njano, raba nyeupe, nywele kasuka twende kilioni, na kamera shingoni mahali ambapo wenzake huweka cheni. Ni hizi kamera mpya nyepesi, mirrorless, zisizo na kioo ndani. Sendofu na ubatizo wa Vwawa karibu wote unapita kwenye kamera hiyo.

Clever alikuwa kamwambia kwenye simu kuwa lenzi ya Sony ipo. Fortunata alipofika akapewa lenzi, akaigeuza nyuma, akaona kitako chake ni kipana kuliko mdomo wa kamera yake, akairudisha akisema hii si ya Sony. Clever akasema zote zinaingia, ni kuzoea tu. Akaichukua kamera, akaanza kuminya. Wanawake wawili wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakamsalimia, mulishani mukwai, akawajibu bwino bila kuinua uso, anaminya tu. Ndipo mkono wa mtu ukaja juu ya mkono wake.

"Kaka, acha. Utamvunjia pini."

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, shati la drafti limenyooshwa mpaka mistari inasimama, ndevu kazichonga vizuri. Akamgeukia Fortunata, akamweleza kwa upole kama mwalimu wa chekechea kwamba hii ni lenzi ya Canon na kamera yake ni Sony, kwamba kila kampuni ina kitako chake cha chuma, wapiga picha wanakiita maunti, na kwamba cha huku hakiwezi kuingia kule. Clever naye akasikiliza, akasema kumbe, akaiweka lenzi chini.

"Nimemwambia hayo hayo mara tatu," Fortunata akasema. "Wewe kakusikia mara moja kwa sababu una ndevu."

"Sasa kosa langu ni ndevu?"

"Kosa lako ni kunifundisha kamera yangu mwenyewe."

Kijana akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, hilo hata Fortunata aliyekuwa na hasira alilikubali baadaye. Jina lake Hezron. Kwao Nanyala, studio yake hapo hapo Tunduma, nyuma ya stendi. Akaomba namba ili ikipita lenzi ya Sony amjulishe. Lenzi haikupita. Simu zilipita, kila siku saa moja asubuhi, mpaka shangazi Enesi, anayeishi nyumba moja na kina Fortunata na asiyepitwa na kitu, akawa anaijua sauti ya Hezron kuliko ya mchungaji.

Sasa mjue jambo moja kuhusu wapiga picha wa Songwe. Hakuna mwenye lenzi zote. Wanaishi kwa kuazimana: Ijumaa unachukua ya fulani, Jumatatu unarudisha. Kwa hiyo mtu hachagui kamera kwa uzuri, anachagua kwa kuangalia ataazima kwa nani. Kundi la Vwawa lote ni Sony. Kundi la Tunduma lote ni Canon. Wapenzi hawa wawili walipopewa harusi moja Igamba walikwenda na mabegi mawili, wamepigwa jua moja, wamekula sahani moja, na hawakuweza kusaidiana hata lenzi moja. Hezron alikuwa akimwita Fotu wa mdomo mdogo, Fortunata akimwita mzee wa kilo tano kwa uzito wa kamera yake. Walitaniana hivyo mchana kutwa na bibi harusi akalalamika kwamba wapiga picha wanacheka kuliko wageni.

Lakini ipo lenzi moja ambayo Fortunata aliitamani. Ilikuwa ya marehemu baba yake Hezron, Mzee Ezron, aliyezunguka Nanyala na vijiji vyake akipiga picha za filamu. Kamera ya mzee ilikufa, lenzi ikabaki, lenzi ya zamani ya kufungwa kwa nyuzi kama boliti, haina mota, unazungusha kwa mkono hadi uso wa mtu utulie. Hezron aliitumia kwenye Canon yake kwa kuweka adapta katikati. Na ilikuwa na pengo dogo ndani, kwenye ukingo. Taa zilizo nyuma ya mtu zikigeuka viduara, kila kiduara kinatoka kimemegwa upande mmoja, kama biskuti iliyong'atwa. Mkoa mzima picha za namna hiyo zilikuwa za Hezron tu. Fortunata alimwambia si chini ya mara kumi: ingekuwa inaingia kwangu, ningekuibia.

Hezron akajibu, "Utaona."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kila kitu, na kama ni mimi ningemwacha kwa hilo tu.

Mambo yakaenda hadi barua ya posa. Ikapangwa Jumamosi. Mshenga akateuliwa Mzee Nathanaeli, mkulima wa kahawa wa Nanyala, mtu wa koti hata juani, ambaye hajawahi kupeleka barua ikarudi. Nyumbani kwa Mzee Jairo, Vwawa, kuku wakachaguliwa, vitambaa vya makochi vikafuliwa, ndugu wa Igamba wakaanza kuja siku mbili kabla ili wasipitwe.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Fortunata alikuwa jikoni anachambua mchele, simu pembeni, anapitisha stetasi za watu. Akafika kwa mwanamke aliyemsevu kama Ketrina Vitenge, muuza vitenge wa Tunduma ambaye hawajawahi kuonana zaidi ya kutumiana picha za mzigo. Hezron ndiye huwa anamchukulia mzigo huko. Ketrina alikuwa kakaa kwenye kiti, kajifunga kitenge kipya cha bluu, anatabasamu tabasamu la mtu anayependwa. Nyuma yake taa ndogo ndogo nyingi, zimekuwa viduara. Chini kaandika: asante kwa anayejua kuniangalia.

Kila kiduara kilikuwa kimeng'atwa.

Fortunata akaweka ungo chini. Akampigia Hezron, akamsalimia vizuri kabisa, akauliza lenzi ya mzee iko wapi.

"Ipo hapa kwenye begi," Hezron akasema. "Kwa nini?"

"Nauliza tu. Hujamwazima mtu?"

"Fotu, ile naweza kumwazima nani?"

Basi. Kama lenzi haijatoka kwenye begi, aliyepiga picha ni mwenye begi. Mtu mwingine angeuliza swali la tatu: wewe na Ketrina kuna nini? Fortunata hakuuliza. Alisema haya, akakata, akaendelea kuchambua mchele, na chuya zote akaziacha ndani.

Siku mbili Hezron alipiga, akaambiwa yuko bize. Akamuuliza mama yake, mama akamwambia wasichana ndivyo walivyo barua ikikaribia, wanaona haya. Hezron akafurahi. Akaenda kunyoa.

Jumamosi nyumba ikajaa hadi watu wakakaa kwenye mikono ya makochi. Mzee Nathanaeli akaingia na koti lake na mwenzake mmoja, wakapewa soda, wakaulizana habari za mvua na mbolea. Halafu barua ikawekwa kwenye sahani, ikafunikwa kitambaa cheupe. Utaratibu unajulikana: barua haifunguliwi mpaka msichana aitwe aulizwe kama anawafahamu waliotuma. Anainama, anasema ndiyo, vigelegele vinapigwa, watu wanakula. Hakuna anayesubiri jibu lingine. Kina mama wa Igamba walikuwa wameshajaza pumzi vifuani.

Fortunata akaja, amevaa gauni la maruni la mikono mirefu, kitambaa kichwani, macho makavu.

Mzee Jairo akasema, "Mwanangu, hawa wametumwa na kijana wa Nanyala, anaitwa Hezron. Unamfahamu?"

"Simfahamu, baba."

Hakupaza sauti. Mzee Jairo akarudia swali akidhani redio ya jirani ndiyo imemkatiza, na jibu likawa lile lile. Mzee Nathanaeli akafunua kitambaa mwenyewe, akachukua bahasha, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi, akaitia ndani ya koti.

"Basi tumepotea nyumba," akasema. Wakatoka.

Yaliyofuata ndani humo siwezi kuyaandika yote. Baba alikwenda kukaa uani peke yake. Mama alilia na wageni wakamsaidia. Shangazi Enesi akamvuta Fortunata chumbani, akadai aelezwe sasa hivi kabla ndugu wa Igamba hawajatunga maelezo yao. Fortunata akamwonyesha picha, maana alikuwa kaihifadhi. Shangazi akaikuza kwa vidole, akaisogeza huku na huku.

"Mimi naona mwanamke kakaa," akasema. "Wewe unaona nini?"

"Naona Hezron alikuwa wapi."

Akamweleza habari ya viduara na pengo. Shangazi akasema hajawahi kusikia mwanamume kukamatwa kwa biskuti. Lakini alikasirika pamoja naye vilevile, kwa kuwa ni damu moja.

Hezron alipiga hadi Fortunata akapokea. Mazungumzo yenyewe hayakufika dakika.

"Umesema hunifahamu?"

"Nimesema."

"Mbele ya Mzee Nathanaeli, Fotu."

"Mbele ya yeyote."

Hapo Hezron angesema tu. Sentensi moja ingetosha. Lakini naye alikuwa kaumia, na mtu aliyeumia hutaka kubembelezwa kwanza ndipo aseme. Akamwambia basi kaa na hilo, akazima simu, akaizima kweli, hata wateja wasimpate. Ningekuwa karibu ningewagonganisha vichwa wote wawili.

Shangazi Enesi hakuweza kulala na jambo nusu. Jumatatu akapanda gari la Tunduma na hotuba yake kichwani, kaipanga sehemu kwa sehemu, inaanza na malezi na kuishia na laana. Akauliza Ketrina wa vitenge yuko wapi, akaelekezwa kwenye chumba kimoja cha biashara: upande wa kulia vitenge hadi darini, upande wa kushoto meza ya fundi saa. Katikati yupo Ketrina, kajifunga kile kile cha bluu, na tumbo la miezi minane ambalo kwenye picha lilikuwa limekatwa. Alipomwona mama mtu mzima anahema, akamsogezea kiti chake mwenyewe. Hotuba ya shangazi ikakosa pa kuanzia.

Ukutani nyuma ya kiti zilining'inia taa za Krismasi.

Fundi saa aliitwa Zabron na ndiye mume wa Ketrina. Saa siku hizi hazivaliwi, akamweleza shangazi, kwa hiyo anatengeneza miwani, darubini na lenzi. Kila lenzi akiimaliza lazima aipime, na ana kamera mbili mbovumbovu za kupimia, Canon moja na Sony moja. Anamkalisha mkewe pale, anawasha zile taa, anapiga. Taa zikitoka sawa, kioo kimekaa sawa. Mke wake ndiye kipimo, na picha mke anaweka stetasi, matangazo ya bure.

"Hii ya Hezron ndiyo imenitoa jasho," akasema, akaitoa kwenye droo imefungwa kwa flana. "Nimeikata nyuzi za zamani, nimeifunga kitako cha Sony kwa skrubu nne. Ya mchumba wake. Alitaka ampe barua ikishapokelewa. Kaniapisha nisimwambie mtu. Sasa hata kuja kuichukua hajaja, simu haipatikani."

Na aliyeapishwa asimwambie mtu akamwambia shangazi yote, akamwongezea na lenzi yenyewe baada ya kusikia yeye ni shangazi wa huyo mchumba. Shangazi akakaa pale mpaka saa nane. Walimpikia. Alirudi Vwawa na lenzi kifuani na doti mbili za kitenge mkononi.

Fortunata alisikiliza akiwa kasimama. Alichukua kamera, akaweka ile lenzi mdomoni mwa kamera, akazungusha, ikashika kwa mlio mdogo, kama mlango mzuri unavyofunga. Akasogea dirishani, akaielekeza kwenye migomba, akazungusha. Ukungu. Akazungusha hadi mwisho. Ukungu. Akageuka, na kwenye skrini ya kamera uso wa shangazi, hatua mbili tu mbele yake, ukatokea hadi kope zote zikahesabika. Akaiweka chini, akapiga simu, na safari hii iliita.

"Lenzi yako haioni mbali," akasema.

"Lenzi gani?"

"Hezron, usianze. Zabron kaweka kitako kinene. Labda unene wa kucha tu, lakini kioo kimekaa mbali na kamera. Inaona hatua tatu, zaidi ya hapo ni maziwa. Na uliniambia ipo kwenye begi."

"Ilikuwa siri."

"Siri yako imenifanya niwakane wazee mbele ya nyumba nzima."

"Ungeniuliza kuhusu Ketrina."

"Na wewe ungenijibu kuhusu lenzi." Akavuta pumzi. "Adapta ya Sony inauzwa Mbeya. Unafunga, unafungua. Kwa nini umekata kitu cha baba yako?"

Watu wa Vwawa waliokuwa wamesogea karibu na simu, nao walikuwa wengi, wanasema Hezron alisafisha koo mara mbili.

"Adapta inafunguka," akasema. "Ungepiga harusi moja ukanirudishia Jumatatu, kama za watu wengine. Sikutaka irudi."

Fortunata akakaa kitandani. Akaivuta ile kamera na lenzi yake mapajani, na shangazi Enesi akachukua nafasi hiyo kuuliza kwa sauti kama barua basi inaletwa lini.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Hezron akasema yeye kashasamehe, lakini Mzee Nathanaeli kagoma. Kasema mshenga aliyeambiwa hajulikani harudi nyumba ile, na kwa kuwa amelisimulia jambo hilo kila kona ya Nanyala, hakuna mzee mwingine anayetaka kuivaa aibu yake. Barua haiwezi kuja kwa posta. Bila mshenga hakuna posa, na Mzee Jairo hatasikiliza kijana anayejileta mwenyewe.

"Nitakwenda mimi," Fortunata akasema.

Mama yake akasema msichana haendi kwa mshenga, haijawahi kuonekana. Shangazi akamjibu kwamba hata kumkana mshenga haikuwahi kuonekana, na mbona tumeona.

Jumatano Fortunata akashuka Nanyala, sketi ndefu, kanga mabegani, sukari kwenye mfuko. Hezron alikuwa kituoni anamsubiri, shati halijapigwa pasi. Walitembea bila kushikana mikono. Njia nzima wakabishana: Fortunata anataka lenzi irudi kwa Zabron ikapunguzwe kitako, Hezron anasema Zabron asiiguse tena hata kwa kuiangalia. Wakafika bado wanabishana.

Mzee Nathanaeli alikuwa shambani kwake, mbele ya meza ndefu ya wavu, anageuza kahawa iliyoanikwa. Wakamwamkia. Akaitikia, akaendelea kugeuza. Fortunata akapiga goti pale kwenye vumbi la maganda, akaomba radhi, akaeleza yote: stetasi, viduara, fundi, kitako. Mzee akamsikiliza bila kumtazama. Kuhusu lenzi hakuelewa kitu na hakujifanya kuelewa.

Alipomaliza, mzee akatupa punje mbovu pembeni.

"Mimi niliulizwa na mke wangu nimerudi na nini, nikasema nimerudi na bahasha," akasema. "Sasa sina haja ya habari za kioo. Nakuuliza alichokuuliza baba yako. Huyu kijana aliyesimama hapo, unamfahamu?"

Fortunata akageuka kumtazama Hezron. Alikuwa kasimama anafikicha kofia, mdomo umeshafunguka nusu, anataka kumsaidia kujibu.

"Namfahamu, mzee," akasema. "Ananichosha, lakini namfahamu."

Mzee Nathanaeli akageuza kahawa hadi mwisho wa meza, taratibu, kisha akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Jumamosi basi," akasema. "Na safari hii mwambie mama yako tunakula kwanza. Maswali baadaye."